Ukuta Wangu na Choo cha Bi Amne

Jumatatu, 14 Aprili

Ukuta unalia! Nimeingia chumba cha mgeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuchukua mataulo, nikakuta matone. Si tone moja wala mawili. Ukuta mzima, kuanzia usawa wa kitanda mpaka chini, unatiririka. Rangi yangu mpya ya mafuta! Kijani cha tango! Nimeipaka kwa mikono yangu.

Mgeni wangu ni Mjerumani mmoja mrefu, mgeni pekee niliyempata Masika hii nzima. Alikuwa amesimama dirishani, madirisha wazi, mlango wazi, anavuta hewa. Ndivyo afanyavyo. Usiku kucha kiyoyozi kwenye kumi na sita, asubuhi anakizima na kufungua kila kinachofunguka. Anasema ni afya. Akaninyooshea kidole ukutani bila kusema neno. Afadhali angetukana.

Chumba hiki ndicho kila kitu changu. Kimoja tu, katika nyumba aliyoniachia marehemu baba. Msabah, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, naye ana wageni, ila yeye huwanywesha chai juu ya paa, bahari yote mbele yao. Wangu hunywa chini ya ngazi, karibu na mtungi wa gesi. Huyo Msabah ndiye aliyenishauri nipake chokaa, eti mawe ya kale yanataka kupumua. Nilimjibu kuwa mimi napangisha chumba, sipangishi mapafu.

Sasa, ukuta ule ni wa pamoja. Upande wa pili kuna choo cha Bi Amne. Na juu ya choo cha Bi Amne kuna paa la Bi Amne, la bapa, zuri kuliko la Msabah, na halina kazi yoyote ila kuanikia maua. Kila jioni anapanda na ungo wa asmini, anaziacha zipate umande, alfajiri anaziteremsha na kuzifunga vikuba, vile vishada wanavyovaa maharusi.

Nimekaa nikafikiri. Maji yanatoka chooni. Chooni ni kwake. Aliyeharibu hufidia. Fidia: paa!

Nimefurahi mpaka nimeona haya kidogo. Kidogo tu, imepita.

Jumanne, 15 Aprili

Siku ya ushahidi. Nilijipenyeza kwenye korido ya nyuma nikaegesha gilasi ukutani na sikio kwenye gilasi. Saa kumi na moja na robo: ndoo. Na nusu: kata, mara saba. Saa kumi na mbili na nusu: ukuta unalia. Nimeandika yote. Maji huchukua saa moja kupita kwenye jiwe. Ni hesabu ya wazi kabisa.

Maisara, mke wangu, akanikuta vile vile, sikio kwenye gilasi. Akauliza nafanya nini. Nikasema nafanya uchunguzi. Akauliza kama nimefikia umri huu nije kumsikiliza Bi Amne akioga. Bi Amne! Aliyemfunga yeye vikuba siku ya harusi yetu! Gilasi ilikuwa imeniacha na duara jekundu sikioni. Nimekaa nalo mpaka adhuhuri, na kila aliyepita kichochoroni aliniuliza nimefanyaje.

Mchana Bi Amne kaleta sahani ya mikate ya kumimina. Eti kasikia nyumbani kwetu hatuna raha. Maisara akanitazama nikila. Mikate ilikuwa mizuri, nimekula minne.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kwa sheha, ambaye ndiye husuluhisha majirani. Nilijitayarisha kwa vita. Hotuba kurasa mbili. Nilikuwa nimeandika pa kupandisha sauti na pa kufuta jasho.

Vita haikutokea! Bi Amne alisikiliza ukurasa wa kwanza mpaka mwisho, mikono magotini, kisha akasema: "Talib mwanangu, kama maji yangu yanakudhuru, chimba. Choo ni changu lakini ukuta ni wetu." Na akaongeza, mbele ya sheha, kwamba ikiwa kweli yanatoka kwake basi yeye hana cha kunifidia ila lile paa, nilichukue asubuhi zote, asmini zake atazitafutia pahala.

Mwenyewe! Sikuliomba! Ukurasa wa pili wa hotuba sikuufikia.

Sheha akasema karatasi itaandikwa, tutatia saini Jumapili baada ya alasiri, kwenye baraza yake. Fundi Jaku kaanza kuchimba leo leo. Nilipokuwa narudi nyumbani nilitaka kupiga mruzi nikashindwa. Mtu akikubali upesi hivyo unajiona kama umeiba. Nimejiambia hapana, nimeshinda.

Jioni: sahani ya pili. Katlesi. Ya kwanza bado iko kwangu. Sahani ya jirani hairudi tupu, na sikuwa na cha kutia.

Alhamisi, 17 Aprili

Shimo. Nimekwenda kuliona. Jaku kang'oa sakafu yote ya choo, mawe yamerundikwa mpaka mlangoni, na chini, udongo mkavu kama unga wa dengu. Bomba zima, halina hata ufa. Jaku kachukua konzi ya udongo akanipulizia mbele ya uso, vumbi likaruka. Akasema kwao Makunduchi kukiwa na maji chini huona kaa, hapa hata kaa hana haja ya kuja.

Nikamwambia achimbe zaidi, upande wa ukutani. Akauliza mpaka wapi. Nikasema mpaka yapatikane.

Jambo dogo ambalo naliandika hapa tu. Bi Amne hajatumia choo tangu jana. Hana choo. Anakwenda kwa Msabah. Ndoo hazikulia, kata haikulia. Na ukuta wangu leo asubuhi? Umelia vile vile, tena zaidi!

Nimefikiri sana. Jawabu: ni maji ya zamani. Yamejilimbikiza miaka.

Nilimwambia Maisara jawabu hilo. Akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi nina upara tangu nina miaka thelathini.

Ijumaa, 18 Aprili

Ulfat kaja kula mchana. Binti yangu, mwalimu wa kemia, anakaa Bububu. Nikampeleka chumbani kumwonyesha dhuluma ninayofanyiwa. Hakuangalia ukuta. Kaangalia kiyoyozi, kaangalia dirisha, kaligusa rangi kwa ukucha, halafu akaomba gilasi ya maji ya barafu.

Nikadhani ana kiu. Akaiweka mezani, akaniambia niitazame. Tukakaa. Baada ya muda gilasi ikatoka jasho, matone yakateremka, meza ikaroa. Akauliza maji yale yametoka wapi. Nikasema gilasi inavuja. Akafumba macho kidogo, kama anavyofanya, naamini, kwa wanafunzi wa nyuma.

Akaeleza. Hewa ya Masika imejaa mvuke, nao mvuke ni maji yasiyoonekana. Mvuke ukigusa kitu cha baridi unapoteza joto lake, chembe zake zinashikana, zinarudi kuwa maji. Ndiyo mawingu. Ndiyo umande. Ndiyo matone chini ya kifuniko cha sufuria ya wali. Ndivyo kule Pemba wanavyotoa mafuta ya makonyo ya karafuu: mvuke unapitishwa kwenye bomba linalopozwa, na upande wa pili yanadondoka maji na mafuta. Jina lake mtonesho. Na ukuta wangu, akasema, unapozwa usiku kucha na kiyoyozi, mawe hayo mazito yanashika baridi, kisha asubuhi mgeni anafungua madirisha na Masika yote inaingia kuugusa. Chokaa ingekunywa matone ya mwanzo. Rangi ya mafuta hainywi kitu.

Nikasema hiyo ni nadharia. Akasema basi jaribu, nibandike kipande cha nailoni ukutani, pembe zote nizibe kwa utepe. Asubuhi, maji yakiwa nyuma ya nailoni, yanatoka ukutani, na Bi Amne ana kosa. Yakiwa juu ya nailoni, yanatoka hewani.

"Na kama ni hewani, Baba, nshakwambia mapema, utakwenda kwa Bi Amne siku hiyo hiyo."

Nikasema naam. Ulfat akiwa na sauti ile mimi huitika naam.

Jumamosi, 19 Aprili

Nailoni niliipata kwenye godoro la mgeni. Tangu nilinunue sijaitoa, godoro hukaa jipya. Nilikata kipande jana mchana mgeni alipokwenda kuogelea, nikabandika. Leo saa kumi na mbili na nusu nikaingia.

Juu ya nailoni: matone. Yamejaa, manene, yanateremka. Nikaibandua.

Nyuma ya nailoni: pakavu. Nilipitisha kiganja. Nikapitisha shavu. Pakavu kabisa.

Nilikaa kitandani kwa mgeni, mgeni akiwa bado amesimama dirishani kwake na afya yake, na nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa skuli. Joto lilianza masikioni likashuka mpaka vidoleni. Bi Amne hana choo kwa ajili ya hewa! Kwa ajili ya hewa na rangi ya kijani cha tango!

Nikainuka niende kwake. Naandika kweli, niliinuka. Nilifika mpaka kichochoroni. Hapo nikamwona anatoka kwa Msabah. Choo cha Msabah kiko ghorofa ya pili, ngazi zile za mawe, kila daraja imesimama. Bi Amne anateremka kitako, daraja moja moja, kandambili mkononi, kwa sababu magoti hayamchukui. Alikuwa hajaniona. Na mimi nikafanya nini? Nikarudi ndani. Nikafunga mlango polepole usilie.

Nailoni nimeificha chini ya godoro.

Ulfat kapiga simu mara tatu. Sikupokea. Akampigia mama yake. Maisara amechukua sahani za Bi Amne, sasa ni tatu, leo imekuja ya vibibi vya nazi, akazipanga mezani mbele yangu badala ya chakula cha jioni. Nimekaa nazo. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na kweli hakuna aliyeniambia.

Jumapili, 20 Aprili

Mgeni kalalamika kitanda kinachakarisha. Nikamwambia ni mti wa kizamani.

Nilikuwa na mpango. Nitakwenda kwa sheha, nitasimama, nitasema: nimekosea. Neno moja. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo na nikalisema vizuri sana, hata machozi yalinilengalenga.

Kwenye baraza walikuwepo sheha, Msabah, Jaku na shimo lake lote kwenye nguo, na wazee wanne ambao hawahusiki lakini walikuwa na nafasi. Karatasi tayari. Bi Amne kaivuta kwake, kauliza atie saini wapi, akasema: "Paa nini, wanangu. Paa haliniziki. Jirani ndiye atakayenizika." Akashika kalamu.

Hapo nikasimama. Midomo ikafunguka. Na kilichotoka, Mungu wangu, kilichotoka ni: "Ukuta umepona!"

Sheha akauliza umepona vipi. Nikasema umepona tu. Leo asubuhi. Wenyewe. Haudai tena.

Mzee mmoja akasema subhanallah. Wa pili akasema ni dua za Bi Amne, mja mwema dua zake hazirudi. Wote wakamgeukia Bi Amne, wakampa mikono. Jaku pekee aliuliza kama ukuta umepona, nani anafukia shimo. Msabah alikuwa ananitazama mimi, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Paa halikuandikwa. Hilo ni jema, nimeliokoa. Lakini Bi Amne, alipokuwa anaondoka, alisimama mbele yangu. Akasema kesho asubuhi atakuja kuuona ukuta uliopona, apate kushukuru.

Sijala. Nimeomba ukuta usilie. Nimemwomba mgeni kwa Kiingereza changu asiwashe kiyoyozi usiku mmoja tu. Kakataa. Amelipia baridi.

Jumatatu, 21 Aprili

Kaja saa kumi na mbili na nusu kamili, buibui na kandambili, harufu ya asmini imemtangulia. Mgeni dirishani, madirisha wazi. Ukuta? Haujawahi kulia vile. Mpaka kidimbwi kilifanyika.

Hakushangaa. Alipitisha kidole kwenye tone moja, akalisugua kwa gumba, akalinusa. Kisha akacheka kidogo, bila ubaya, na akasema: "Huu umande, mwanangu. Asmini zangu hupata huu kila alfajiri, na sijaishitaki mbingu."

Na hapo hapo mgeni, ambaye hajui Kiswahili hata cha kuombea maji, kainama chini ya godoro, kavuta kile kipande cha nailoni kinachomchakarishia, akanikabidhi mbele yake, utepe bado umening'inia pembe zote nne. Bi Amne kakitazama. Kaniuliza tangu lini. Nikasema tangu juzi.

Tangu juzi. Kakaa nalo hilo neno. Akahesabu kwa sauti ndogo ngazi za Msabah, ishirini na mbili kupanda, ishirini na mbili kushuka, mara tano kwa siku. Hakunilaumu. Angenilaumu ningepumua. Akasema tu angependa choo chake kabla ya Ijumaa, na sahani zake pia, zikiwa tupu si neno.

Nikalia. Mtu mzima, mbele ya Mjerumani. Nimembusu mkono, nimemwomba radhi, nimesema yote, na sikio kwenye gilasi nikasema. La sikio alikuwa halijui. Bora ningelinyamazia.

Mchana kutwa nimebeba udongo na Jaku. Jaku kanipa ndoo kubwa.

Jumanne, 22 Aprili

Shimo limefukiwa, sakafu imerudishwa. Mgongo sina. Alfajiri Bi Amne aliniita juu ya paa, kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa mtoto. Usiku ulikuwa mweupe, hakuna mawingu wala upepo. Asmini zimefunguka kwenye ungo na kila moja ina tone lake. Akaniambia usiku wa mawingu umande hauji, mbingu ikiwa wazi ndipo joto la vitu hupanda, vitu vikapoa, umande ukashuka. Hakusoma kemia. Nilimshikia ungo. Niliona haya, lakini haya nzuri, ya kukaa nayo mtu.

Nimeapa. Tuliposhuka niliweka mkono kwenye kifuniko cha kisima kilichoko uani kwake nikaapa: basi. Sitamtuhumu jirani tena maishani mwangu.

Maisara anasema haitoshi. Uongo niliusema barazani, basi radhi niombe barazani, mbele ya wale wale, kwa maandishi, isije ikatoka tena kuwa ukuta umepona. Alhamisi baada ya alasiri. Sheha keshaambiwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku mbili nimeandika radhi. Kurasa mbili, wino mzuri, kila neno la kweli. Nilikuwa nikiisoma mwenyewe natoka jasho. Leo saa tisa iko mezani, safi, imekunjuliwa, nami nimeshavaa kanzu.

Kaingia Msabah. Eti amekuja kwa suluhu. Kaniletea gilasi kubwa ya ukwaju wenye barafu mpaka juu. Akaiweka mezani. Juu ya radhi yangu! Akaanza kuzungumza habari za chokaa, anaweza kuniazima ndoo na brashi. Nikamsikiliza kwa adabu robo saa nzima. Alipoinuka, nikaangalia.

Maji! Pande zote za gilasi! Karatasi imeroa, wino umekimbia, "nimekosea" imekuwa doa, "Bi Amne" haisomeki, ukurasa wa pili umeshikana na wa kwanza. Saa tisa na nusu. Baraza saa kumi!

Nimefanya uchunguzi. Gilasi niliiinua: chini maji. Nikaifuta, nikaiweka pahala pengine: maji tena. Nikaitazama kwenye mwanga. Ufa hauonekani. Ufa mbaya ndio huo, usioonekana.

Gilasi ya Msabah inavuja. Na kaijua inavuja, na kaileta.

Najua Ulfat atasema nini. Nitamjibu kuwa mtonesho ulikuwa wa ukuta, na nimeukubali, na nimelia. Hii ni gilasi. Siku hizi kila mwenye kosa anajificha nyuma ya mtonesho!

Nimechukua karatasi mpya. Mashitaka kwa sheha, ukurasa mmoja na nusu, na kwa fidia nimeomba paa la Msabah, asubuhi tu. Maisara ananiita mlangoni, anasema Bi Amne keshafika barazani, amekaa anangoja. Radhi yake nitaiandika upya kesi ya gilasi ikiisha.